Mkaa Katika Kidonda cha Baba

Kila Jumamosi nilimwosha baba yangu mguu, na kila Jumamosi nilimsema. Nilikuja na shashi na kibanio cha chuma kutoka mjini, nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikavuta beseni, nikaanza kuosha na kusema kwa pamoja. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nimezirithi kwake yeye mwenyewe, na mwaka ule niliamini nimepata mahali pa haki pa kuzitumia. Katika usaha wa mguu ule zilikuwa zinatoka punje nyeusi, ngumu, ndogo mfano wa mbegu za mchicha. Nilijua ni nini. Ulikuwa mkaa.

Nasema mkaa wa mganga. Kwetu mtu akivimba mguu bila sababu inayoonekana, husemwa amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Mganga huchoma mizizi yake mpaka inakuwa nyeusi, anaisaga, anamkata mgonjwa chale kwa wembe na kuisugua ile dawa ndani ya damu. Nimeona miguu mingi ya namna hiyo ikiletwa hospitali ikiwa imechelewa, na kila ninapoiona natamani kumpiga mtu. Nilipouona mguu wa namna hiyo kwa baba, mtu wa kumpiga alikuwa karibu.

Kazi yangu ni ya maabara, katika hospitali moja ya Ifakara. Nimekaa juu ya kigoda mbele ya hadubini miaka mingi kiasi kwamba shingo yangu imepinda upande mmoja. Naangalia damu, mkojo, makohozi, usaha. Katika vyote hivyo ninazipenda seli nyeupe za damu, na sioni aibu kusema hivyo. Ukizipaka rangi, zile ziitwazo nyutrofili zinaonyesha kiini cha zambarau kilichogawanyika vipande vitatu au vinne vilivyoshikana. Hizo hufika kwanza mahali palipoumia. Mwiba ukiingia, zinajipenyeza kutoka kwenye mshipa, zinamfuata mdudu alipo, zinammeza na kufa naye. Usaha ni maiti zao. Watu wengine wanaziba pua wakiuona. Mimi niliwaza hata kumfundisha baba auheshimu, badala ya kumfundisha mambo mengine ambayo yangemsaidia.

Baba alikuwa mkulima wa mpunga ng'ambo ya mto, kule Kivukoni. Alikuja huku akiwa kijana kutoka upande wa Mahenge, akafyeka, akalima, akaoa, akazika mke, na baada ya kumzika mama akahamia shambani moja kwa moja. Maisha yake yote alilima pekupeku. Nilimnunulia mabuti ya mpira mara mbili. Ya kwanza akampa mtu. Ya pili alivaa siku moja, tope likamvua la kushoto, akaliacha humo humo. "Mabuti ni ya mabwana wanaokuja kupiga picha na mpunga," aliniambia. Nilicheka, kwa sababu ni kweli, wanakuja na wanapiga.

Jirani yake alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, akazungushia boma uzio wa miiba. Ng'ombe waliingia kwenye mpunga wa baba mara nyingi, na baba alikwenda kugomba mara nyingi. Siku moja akiwafukuza alikanyaga tawi la uzio lililokuwa limelala kwenye maji. Mwiba ukaingia chini ya wayo, akauvuta, ukakatikia ndani. Akaendelea na kazi. Hayo aliyaeleza baadaye, na aliyaeleza vizuri, kwa mpangilio, kama mgonjwa yeyote ambaye daktari angefurahi kumsikiliza.

Mimi sikufurahi. Siku aliyonieleza ilikuwa siku nilipoziona chale. Mguu wa kushoto ulikuwa na uvimbe mgumu juu ya wayo, mkubwa kiasi cha nusu limau, na pembeni yake mistari kumi na kitu ya wembe, myeusi, imepangwa vizuri.

"Shikamoo baba. Hii nini?"

"Marahaba. Dawa."

"Dawa ya nani?"

"Ya mzee mmoja huko njia ya Malinyi. Nilichomwa na mwiba wa uzio wa huyu bwana. Ulikatikia ndani. Tangu hapo mguu haujawa mguu."

"Kwa hiyo jirani kakuroga kwa mwiba."

"Sijasema kuroga. Kuroga kasema mganga. Mimi nasema mwiba."

Nilisikia kuroga tu. Baba yangu, mwenyekiti wa jumuiya, mtu anayesoma somo kanisani kwa sauti ya kuwatoa ndege kwenye paa, kaenda kukatwa wembe na mchawi. Nilimuuliza kama uvimbe unauma. Akasema hauumi hata kidogo. Nikamwambia basi kama hauumi ni mwili wa uzee, na akome kwenda kwa waganga. Nikaitoa rozari ya marehemu mama ilipokuwa imetundikwa, nikamwapisha nayo. Aliapa. Alinitazama kwa namna ambayo leo naweza kuisoma vizuri, siku ile nilidhani ni aibu.

Miezi ikapita na uvimbe ukatoboka. Matundu mawili, halafu matano, yakitoa maji mazito na punje. Nikamleta mjini. Nikachukua usaha kwa mkono wangu, nikaupaka kwenye kioo, nikautia rangi, nikaangalia. Seli nyeupe zilijaa, hakuna pa kuchomeka sindano. Bakteria sikuona. Sasa, mtu wa maabara akikuta jeshi zima limekufa na adui haonekani, anapaswa kuuliza lilikuwa linapigana na nani. Mimi nilijijibu kwamba baba atakuwa amemeza rangi mbili, vile vidonge vya dukani, vikawaua bakteria nusu nusu. Nikapima na damu. Seli nyeupe zilikuwa za kawaida, hazikupanda. Nikamwambia, "Damu yako nzuri kuliko yangu," nikaona nimemfanyia utani. Aliandikiwa dawa za kuua bakteria, akameza, hakupona. Akaandikiwa nyingine. Na zile punje nilizifuta kwenye kibanio kwa pamba na kuzitupa kwenye ndoo ya taka.

Ndipo Jumamosi zilipoanza. Navuka daraja kwa bodaboda, nafika, nasalimia, nafungua bandeji, nazikuta.

"Umeenda tena."

"Sijaenda."

"Na huu mkaa?"

"Si mkaa. Unatoka wenyewe ndani."

"Mkaa haujizai ndani ya mtu, baba."

"Basi mimi sijui. Wewe ndiye uliyesoma."

Nilikuwa nazikusanya pembeni ya beseni na kumsogezea azione, moja moja, jinsi unavyomsogezea mtoto kinyesi alichokifanya pasipostahili. Nilimwita mwongo. Neno hilo binti hamwambii baba yake, na nilimwambia, si mara moja. Nilimwambia kwamba mama angemwona angelia. Siku nyingine niliosha kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nikibonyeza uvimbe ili mkaa wote utoke, na yeye akashika ukingo wa kiti. Uvimbe haukuuma. Kubonyezwa kuliuma. Nilijua tofauti hiyo na niliendelea kubonyeza.

Alipozidi kukana nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nakaa chini. Nilikwenda kwa jumuiya yake. Walikuwa wamemaliza sala, wamekaa kwenye mikeka nyumbani kwa mama mmoja, nikasimama nikawaambia kwamba mwenyekiti wao anakwenda kwa mganga kwa siri, anajipaka dawa nyeusi kwenye chale, kisha anakuja kuwasomea Injili. Nilisema namsemea kwa faida yake. Niliamini hivyo. Nilisema pia kwamba ushahidi nauona kila Jumamosi kwa macho yangu, na mimi ni mtu wa hospitali. Nani angembishia mtu wa hospitali? Walimvua uenyekiti wiki ile ile. Wakamwombea, wakamshauri asipokee Komunyo mpaka aungame na kuacha. Aliungama dhambi zake nyingine, hiyo ya kurudi kwa mganga baada ya kuapa akakataa kuiungama kwa kuwa hakuwa ameitenda, na kwa hiyo akabaki kukaa benchi la nyuma karibu na mlango, mguu ameunyoosha, wengine wakipanga mstari.

Mwaka mzima.

Kilichonifungua macho ni ubaya wangu wenyewe. Alizidi kunikatalia, na mimi nikataka kumfunga mdomo kwa kitu kisichobishaniwa. Jumamosi moja nikachagua punje tatu kubwa, nikazitia kwenye kichupa, nikamwambia, "Jumatatu nitakuletea majibu ya mkaa wako." Akasema, "Lete." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefurahi, na hilo lilinikera njia nzima mpaka Ifakara.

Jumatatu asubuhi, kabla wagonjwa hawajaanza kujipanga dirishani, niliweka punje moja kwenye kioo na kudondoshea potashi. Potashi ina kazi moja nzuri: inayeyusha vya binadamu. Nyama, usaha, seli nyeupe, vyote vinalainika na kupotea, na kinachobaki ni kile ambacho si mtu. Mkaa ungebaki mkaa, vipande vyenye kingo kali. Nikasubiri, nikafunika kwa kioo chembamba, nikabonyeza kwa kidole, nikainama.

Nikaona nyuzi. Nyuzi za kahawia zilizosukwa pamoja, zenye vikuta vya kuzikata kata, ncha zake zikiwa zimevimba kwenye ukingo wa punje. Nilitoa kioo nikaweka punje ya pili. Nyuzi. Ya tatu nyuzi. Ilikuwa fangasi, aina inayokaa kwenye udongo na kwenye miiba iliyooza, inayoingia kwa mtu mwiba unapokatikia ndani. Inaanza na uvimbe usiouma. Halafu matundu. Halafu punje. Nilifundishwa chuoni. Niliijibu kwenye mtihani na nikapata alama zote.

Nikamleta baba hospitali, madaktari wakamkata kipande cha nyama ili kihakikishwe, na nikaomba kuangalia kioo chake kilipotiwa rangi. Sikuombwa, niliomba. Katikati ilikaa punje, nyeusi, imejijengea ganda gumu. Kuizunguka zilikuwa nyutrofili zangu, maelfu, zimebanana mpaka zimeingia kwenye nyufa za ukingo wake. Nyutrofili inaweza kumeza bakteria. Uzi wa fangasi ni mrefu mno kwake, na punje hii ilikuwa bunda la nyuzi lililofunikwa kwa saruji. Seli ikishindwa kumeza inamwaga sumu yake nje. Ikishindwa tena inapasuka na kutupa matumbo yake yamnase adui kama wavu. Nyuma ya hizo walikuja wamezaji wakubwa, wengine wameungana kuwa seli moja pana yenye viini vingi, wakajenga ukuta kuzunguka vita vyote. Kila siku, kwa miaka, mwili wa baba ulituma wengine. Na sumu ile iliyomwagwa haikulitoboa ganda. Ilikula nyama iliyo karibu, na mfupa ulio karibu, mfupa wa baba.

Nilikaa nikilitazama duara lile mpaka macho yakaniuma. Zilipigana na kitu cha kweli, walau. Mimi nilimpiga yeye.

Daktari alikuwa mtu mpole na hakunilaumu, jambo lililokuwa baya zaidi. Aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga na mifupa ya wayo ilikuwa na matobo, imekuwa myepesi kama mkate wa jana. Nilimuuliza habari za vidonge vya fangasi. Akasema vipo, humezwa miezi mingi, na uvimbe ukiwa mdogo mtu anaweza kukatwa uvimbe peke yake akabaki na mguu.

"Mguu ulianza lini kutoa punje?" akauliza.

Nikamwambia. Akaishusha picha.

"Chini ya goti," akasema. "Tukichelewa, juu ya goti."

Nilimkuta baba amekaa kwenye benchi la nje, mguu juu ya begi lake. Nilikuwa nimepanga maneno ya kitaalamu. Nilipomfikia yakatoka vibaya, bila mpangilio: fangasi, mwiba, si mkaa, mfupa umeliwa, watakata. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwa mwiba," akasema.

"Ulikuwa mwiba."

"Na mimi sikuwa mwongo."

"Hukuwa mwongo, baba. Nisamehe."

Alitazama mguu, akavigusa vidole vyake kimoja kimoja. "Mguu wakate, kama umeoza umeoza. Wewe nenda kawaambie jumuiya. Kabla hawajakata. Nataka niingie chumba kile cha upasuaji nikiwa mtu safi."

Nikaahidi. Kulikuwa na Jumapili mbili kabla ya kukatwa. Ya kwanza nilijiambia nina zamu, na kweli nilikuwa nayo, ningeweza kubadilishana na mwenzangu. Ya pili nilivuka daraja, nikafika mpaka karibu na ile nyumba, nikawasikia wanaimba, nikageuza. Nilimwambia dereva wa bodaboda nimesahau kitu. Mtu anayeweza kumwita baba yake mwongo mbele ya beseni alishindwa kujiita mwongo mbele ya akina mama wanane na mikeka yao. Baba hakuniuliza. Aliingia chumba kile na jina nililompa mimi.

Hospitali humkabidhi mtu kilichokatwa, ndugu wakazike. Nilipewa mguu umefungwa kwenye kitambaa na mfuko mweusi juu yake. Niliupeleka nyuma ya maabara penye bomba, nikaufungua, nikauosha kwa maji na chumvi. Punje bado zilikuwa zinatoka. Sikuzikusanya. Nikaufunga upya, nikapanda bajaji, nikavuka nao Kivukoni nimeupakata. Dereva aliniuliza nimebeba nini, nikamwambia nyama. Akasema nyama imepanda bei.

Shambani nilimkuta yule jirani mfugaji ameshachimba shimo chini ya mgomba, hakuombwa na mtu. Alipokea mfuko kwa mikono miwili akaulaza. Tukafukia.

"Pole dada," akasema. "Mwiba ule ulikuwa wa uzio wangu. Mzee alinieleza siku ile ile, nikamwomba radhi. Tangu hapo nimeondoa miiba yote upande wa maji."

Nilitazama. Upande wa maji palikuwa na miti mitupu iliyofungwa kwa kamba. Walikuwa wamemaliza baina yao zamani, wazee wawili niliodhani wanarogana, na katika yote yale niliyemwona hana elimu ndiye aliyesikia neno mwiba akalielewa kuwa mwiba.

Niliporudi wodini ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Jumuiya nzima ilikuwa imekuja kumwona. Walikuwa wamekizunguka kitanda, kuna chupa ya uji, ndizi kutoka Sanje, kitabu cha nyimbo. Mwenyekiti mpya alikuwa anamalizia sala, na ndani ya sala akamwomba Mungu ampe mgonjwa moyo wa toba, aachane kabisa na mambo ya giza yaliyomgharimu kiungo. Wote wakaitikia amina. Baba hakuitikia. Alikuwa amelala akinitazama mimi mlangoni.

"Umeuzika?" akauliza.

"Nimeuzika, baba."

"Uliuosha kwanza?"

"Niliuosha."

Shuka lilikuwa limelala tambarare pale mguu ulipopaswa kuwa, na mama mmoja alikuwa ameweka ndizi zake hapo hapo bila kufikiri.

"Mkaa ulitoka?" baba akauliza.

Watu wakanigeukia. Nikashika chuma cha kitanda.

"Haukuwa mkaa, baba," nikasema. "Haukuwahi kuwa mkaa."

"Waambie hao," akasema. "Mimi nilikuwa najua."